Usichonge regulator ya jiko, tafuta ya kaboni

Ndugu yangu, unauliza kama fundi anaweza kukereza nati ya regulator ya gesi ya kupikia ikae kwenye mtungi wa kaboni (yaani gesi ya kaboni dioksidi), upate kutia povu kegi yako, lile pipa la kinywaji cha tangawizi. Tafadhali usifanye hivyo. Shinikizo la gesi ya jiko mtungini kwa joto letu la Mombasa, nyuzi 30, halizidi bar 10 hivi. La kaboni kwa joto hilo hilo linakaribia bar 72! Nati itashika, ndiyo, lakini tumbo la regulator halikuundwa kuhimili hayo.

Nunua regulator ya kaboni yenye geji mbili, na uende na mtungi wenyewe dukani, maana nyuzi za valvu, ile mikato ya kufungia nati, hutofautiana. Pale regulator inapokutana na mtungi usizungushe tepu nyeupe: kinachoziba ni washa, ile pete bapa ya ndani ya nati, na ikishabonyea weka mpya. Kwa upande wa mpira wa kegi ndiko unakoweza kubadilisha viungo upendavyo, ila weka valvu ya kuzuia tangawizi isirudi nyuma. Paka povu la sabuni kila kiungo. Na mtungi usimame wima, chumba chenye madirisha wazi. Kaboni ikivuja hutuama chini na haina harufu.