Muulize Shangazi Muuguzi: Saa Yangu Inasema 84, Rafiki Yangu Ana 52

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi, nje kidogo ya Mtwara mjini. Nina miaka 41. Wiki tano zilizopita, baada ya suruali mbili kunikataa, nilianza kukimbia polepole barabara ya Shangani, mara tatu kwa wiki, nusu saa kila mara. Shemeji akaniletea saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo. Kila nikiitazama nikiwa nimekaa ofisini inasema 84, siku nyingine 88. Rafiki yangu mvuvi wa Mikindani akaijaribu: 52! Na huyo sijawahi kumwona akikimbia hata kulifukuzia basi. Je, mwili wangu umechakaa kiasi hicho? Halafu mke wangu anasema mapigo ya binadamu yamehesabiwa, na mimi nayamaliza barabarani. Niendelee au niache?*
*— Karani wa Mizani, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Mhariri ameikata barua yako, maana hapendi barua ndefu, lakini mimi niliisoma yote. Umeandika kwamba hujipima saa nane mchana, chini ya mabati, baada ya vikombe viwili vya chai ya rangi, huku foleni ya wakulima ikikusubiri na wengine wakikutilia shaka mizani. Mkulima akikuletea gunia lililolowa mvua, utaandika kilo zile kama zilivyo? Hutaandika. Basi na hiyo 84 ni gunia lililolowa.

Kukaa kitini si kupumzika. Joto la huku kwetu mwezi wa Novemba peke yake linaupandisha moyo, kwa sababu damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe. Ukitoka jasho bila kunywa maji, damu inapungua ujazo na moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Ongeza majani ya chai, ongeza ugomvi wa mizani. Na hiyo pombe ya uraka ya Jumamosi uliyoitaja kwa aya nzima (msimu wa mabibo nami naujua, usinieleze) huuacha moyo ukienda mbio usiku kucha hata kama wewe unakoroma.

Mapigo ya mapumziko yanapimwa asubuhi, umeamka, hujanyanyuka kitandani, hujashika simu. Kama mkojo umekubana, nenda, kisha urudi ulale dakika tano. Weka kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, mpaka uusikie mshipa. Hesabu dakika nzima. Andika. Fanya hivyo siku saba, upate wastani wako.

Usitumie kidole gumba, nacho kina mshipa wake unaodunda. Hili nalisema kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi nilimshika mama mmoja mkono kwa gumba, macho kwenye saa niliyobandika kifuani, nikaandika 76 kwa mwandiko mzuri kabisa. Sista mkuu akaja nyuma yangu, akaushika mkono ule ule: 112, na mwili ulikuwa unawaka. Ile 76 ilikuwa yangu mimi. Hakunifokea. Alinipa karatasi, akasema, "Andika jina lako hapo juu, hayo ni mapigo yako." Ningependelea anifokee.

Sasa rafiki yako. Mtu mzima akiwa ametulia, mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika huhesabiwa ya kawaida, kwa hiyo hata hiyo 84 yako iliyolowa imo ndani. Wanaofanya mazoezi mazito kwa miaka hushuka mpaka 50, hata 40 na kitu, wakiwa wazima wa afya. Unasema mvuvi hakimbii. Amevuta nyavu na kupiga kafi tangu utotoni, unataka akimbie aende wapi?

Mmewahi kufua maji kwenye ngalawa inayovuja, wewe na yeye? Mwenye upo (chombo cha kuchotea maji) mkubwa anachota mara chache na ngalawa inabaki kavu, mwenye upo mdogo hana nafasi ya kunyoosha mgongo. Mwili uliotulia unahitaji karibu lita 5 za damu kila dakika. Moyo unaosukuma mililita 70 kwa pigo moja lazima upige mara 71 hivi kuzifikisha. Moyo uliozoea kazi, wenye uwezo wa kusukuma mililita 100, unapiga mara 50 na lita ni zile zile. Ndiyo 52 ya rafiki yako. Ila na maumbile yamo: wapo wanaozaliwa na mapigo ya chini bila kutoka jasho hata tone, na wapo wakimbiaji hodari ambao hawashuki chini ya 60. Kwa hiyo acha kujilinganisha naye. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita.

Mwambie mkeo (maana na yeye anastahili jibu) kwamba umri uko kwa Mungu, hilo silibishi, ila hesabu ya mapigo tuifanye pamoja. Tuseme unapokimbia moyo wako unapiga mara 140 kwa dakika badala ya 84. Ziada ni 56. Mara dakika 30, ni 1,680. Mara siku tatu, ni 5,040 kwa wiki. Hayo ndiyo anayoyalilia. Sasa tuseme baada ya miezi kadhaa mapigo yako yameshuka kwa 6 tu. Sita kwa kila dakika ni 8,640 kwa siku, 60,480 kwa wiki. Umetoa elfu tano, umerudishiwa elfu sitini. Wewe ni karani, mwonyeshe daftari.

Lakini usitegemee kuyaona hayo leo. Wiki tano ni mwanzo. Mapigo ya mapumziko hushuka taratibu, moja moja, na siku zingine yanapanda bila sababu ya maana. Mimi naamini zaidi mambo mawili mengine. La kwanza: ukimaliza kukimbia, hesabu mapigo hapo hapo, kisha hesabu tena baada ya dakika moja ya kutembea. Kadiri yanavyoanguka kwa kasi ndivyo moyo ulivyo na nguvu, na hili mara nyingi hubadilika mapema. La pili halihitaji saa ya shemeji. Nenda Mikindani, panda ule mlima wa Boma la Wajerumani huku unaongea na mvuvi wako. Tazama unakata maneno ukifika wapi. Rudi baada ya mwezi.

Faida ya daftari la asubuhi ni kubwa hata kwa asiyekimbia. Ukishajua kwamba wewe ni mtu wa 74, siku ukiamka na 90 unajua kuna kitu. Homa hupandisha mapigo 10 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto la mwili. Upungufu wa damu unapandisha, ujauzito unapandisha, tezi ya shingo ikizidisha kazi inapandisha. Asubuhi hiyo usikimbie. Nenda kapime malaria. Na kama mapigo yanazidi 100 siku kadhaa mfululizo ukiwa umelala tu, mwone daktari.

Endelea kukimbia. Uraka ni juu yako.

*Shangazi, baba yangu ana miaka 73, yuko Lindi, anameza dawa za presha. Kwenye duka la dawa mashine ilionyesha presha nzuri na mapigo 44. Amefurahi, anatuambia ana moyo wa kijana mwanariadha. Ila juzi akitoka msikitini alishika ukuta, akasema dunia inazunguka.*
*— Binti Yake*

Binti, furaha hiyo ikatishe leo. 44 kwa kijana anayekimbia kila siku na hana dalili yoyote ni habari nzuri. 44 kwa mzee anayeshika ukuta si riadha. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolol na propranolol, kazi yake mojawapo ni kupunguza mwendo wa moyo, na pengine zimepunguza kupita kiasi. Au njia ya umeme ndani ya moyo imechakaa kwa umri. Tia dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile alizopewa na jirani, mpeleke hospitali leo, mwombe kipimo cha umeme wa moyo. Usimwachishe dawa mwenyewe, kuziacha ghafla nako kuna hatari yake. Akizimia, akibanwa kifua au akikosa pumzi, msingoje kukuche.

*Nilikuwa nafua nguo, saa yangu ikaandika 170! Nikaacha ndoo nikakimbilia kitandani. Ninakufa?*
*— Mama Mapacha, Masasi*

Hapana, mama. Saa hizo humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma damu inavyopita. Mkono ukitikisika na mkanda ukilegea, inahesabu mikupuo ya kufua badala ya mapigo. Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, ikaze isicheze, ukae, kisha hakikisha kwa vidole viwili. Vidole vikisema 170 na umetulia, hapo nenda hospitali. Lakini kwanza futa povu la sabuni kwenye kioo cha nyuma.