Adrenalini kwanza, haidrokotisoni baadaye
Umeuliza kama haidrokotisoni, dawa ya steroidi, inatosha mgonjwa akipata mzio mkali, yaani akivimba midomo na kubanwa kifua, baada ya kuchomwa dawa ya kontrasti (ile ya kufanya picha ionekane vizuri) kwenye kipimo cha CT. Haitoshi, inachukua saa kadhaa kufanya kazi. Sitisha kontrasti, ita msaada, na kama ni mtu mzima mchome adrenalini miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya ile ya 1:1000 (miligramu 1 kwa kila mililita), kwenye msuli wa paja upande wa nje. Dakika 5 zikipita bila nafuu, rudia. Oksijeni mpe. Presha ikishuka, mlaze, inua miguu, fungulia dripu. Na jamani, kanula, kile kibomba kilichoko kwenye mshipa, isichomolewe! Presha ikishaporomoka, kuupata mshipa mwingine ni kazi kweli. Akitulia abaki kwenye uangalizi, maana dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.