Usipitishe funguo zako kwenye proksi ya bure

Mkuu, umeuliza maktaba ipi ya JavaScript (msimbo ulioandikwa tayari) ni nzuri kuvuta habari za Inoreader, ile huduma ya kukusanya habari za tovuti nyingi; hilo liache kwanza. Kwenye msimbo uliobandika, AppKey (siri ya programu yako) na refresh token (tiketi ya kuingilia akaunti bila nywila) vya Inoreader vimekaa ndani ya faili la JavaScript la ukurasani, na kila ombi umelitanguliza na anwani ya proksi ya bure. Toa. Hata chakula usile kwanza.

Mimi nilifundishwa hivyo na jamaa mmoja wa video, anajiita mwalimu. Kivinjari kinakataa maombi kwa ajili ya CORS (kanuni inayozuia ukurasa kusoma data ya tovuti nyingine isiyouruhusu), konsoli imejaa nyekundu, yeye anasema bandika proksi hii mbele, kazi imekwisha. Kweli iliisha! Hakusema kwamba proksi ni kompyuta ya mtu, na kila ombi likipita kwake anaona vyote vilivyomo. Na hata bila proksi, yeyote akibonyeza F12 anasoma funguo zako zote.

Ukurasa ulikuwa wa mteja wangu hapa Masasi, unakusanya habari za korosho. Oktoba minada imeanza, watu wa Newala na Tandahimba wanafungua simu watafute bei, wanakutana na mikeka ya kubeti. Kwa Inoreader niliomba ruhusa ya "read write" (kusoma na kuandika) badala ya "read" peke yake, basi mwizi wa funguo akaniongezea vyanzo vyake kwenye akaunti. Alfajiri sijagusa kitu, X-Reader-Zone1-Usage (hesabu ya maombi inayokuja na majibu ya Inoreader) inaonesha mgawo wa siku umeshaliwa. Mteja akapiga: "Kijana, nimekulipa unitangazie kubeti?" Nikamwambia angalau mikeka yenyewe ilikuwa inatiki. Hakucheka. Hela iliyobaki sikuiona, na tukikutana stendi anageuka kuangalia mabasi.

Funguo zisikanyage kivinjari, basi. Weka seva ndogo ya Node.js (JavaScript inayoendeshwa nje ya kivinjari) katikati: ukurasa uiulize seva yako, seva ndiyo iulize Inoreader. Funguo zikae kwenye .env (faili la siri la seva), na .env iingie kwenye .gitignore (orodha ya mafaili yasiyopelekwa) kabla hujapeleka chochote GitHub. Seva ihifadhi habari walau robo saa, hapo watu mia wakifungua ukurasa umetumia ombi moja. Maktaba yoyote iendeshe huko huko. CORS ni zuio la kivinjari, kwenye seva hutaisikia.

Ukitaka habari zaidi ya 20 kwa ombi moja, ongeza kigezo n kwenye ombi la Inoreader, mwisho 100. Zinazofuata, chukua continuation (alama ya ulipoishia) iliyo kwenye jibu, uirudishe kwenye kigezo c. Ila kabla ya yote batilisha ruhusa ya hiyo programu kwenye akaunti yako. Kufuta ulichobandika hapa hakutoshi, tumeshaziona wote.