Usianze hilo daftari la dhambi, mimi nilijaza mawili

Mkuu ngoja kwanza, kabla hujajibiwa na wenye salamu ndefu soma hapa. Umesema umeokoka mwaka wa pili, dhambi ile ile inakurudia, hujui ukifa leo unaenda wapi, na kuna mtumishi kakwambia uandike kwenye daftari kila dhambi uliyowahi kutenda halafu ufunge kavu siku 21 ndo ushindi utakuja. Ukauliza na mengine, uanzie wapi kwenye Biblia, ufanyeje na marafiki wa zamani, uhame kanisa au ubaki. Nitayafikia. Ila daftari usilianze. Na siku 21 bila hata maji sio ushindi hayo ni mazishi, mwili wa mtu haufiki huko.

Naandika na hasira kidogo, mnisamehe, na msiponisamehe basi, mwenye kesi alishanisamehe.

Mimi mtumishi wangu aliita "kusafisha hesabu". Alisema shetani ana haki juu yako kwa kila dhambi ambayo hujaitaja kwa jina. Nikaanza na utoto, nikaandika mpaka penseli niliyoiba darasa la pili, nikilala naamka usiku nimekumbuka nyingine natafuta taa, mwisho nikawa naandika dhambi ya kujivuna kwamba nimeandika dhambi nyingi kuliko wenzangu. Chekeni tu. Kila wito wa kuokoka nilikuwa mbele, mpaka wahudumu wakaanza kunionyesha pa kusimama kama mtu mwenye kiti chake. Meza ya Bwana nikaacha kushiriki, nikisubiri niwe msafi.

Hayo yote yangepita. Lisilopita ni hili. Baba yangu alikuwa amelazwa, na jioni moja tumebaki wawili, mzee ambaye maisha yake yote hakuwa mtu wa kusali hadharani akanishika mkono akasema "mwanangu, niombee". Mimi ambaye ukoo mzima unaniita mlokole, nikanyamaza. Kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimeanguka kwenye jambo langu lile lile, na nilikuwa sijaandika, sijafunga, hesabu haijakaa sawa, nikaona nikifungua mdomo nitamletea mzee laana badala ya baraka. Nikamwambia baba kesho nakuletea mchungaji. Akasema sawa. Akanipa pole eti nimechoka. Alfajiri nikapigiwa simu.

Najua, wokovu wa mzee haukuwa mikononi mwangu, msije kunihubiria hilo nalijua. Lakini alimwomba mwanawe, na mwanawe alikuwa anatafuta kalamu.

Nilipomwendea yule mtumishi nikilia unajua alinijibu nini? "Unaona sasa, kuna dhambi uliificha." Yaani msiba wangu aliufanya ushahidi wa mafundisho yake! Mtu wa namna hiyo huwezi kumridhisha, ukishinda ni maombi yake, ukishindwa ni dhambi yako, yeye hakosi kamwe. Nimejizuia hapa, mengine nimefuta mara tatu.

Aliyenitoa ni mama mmoja wa kikundi cha maombi, hana cheo chochote. Hakunikemea pepo, alinifungulia Wakolosai 2:14 akaniambia soma kwa sauti. Pale Paulo anasema Kristo aliifuta ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki, akaigongomea msalabani. Akaniuliza, "Sasa wewe daftari lako unanakili nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nanakili upya hati iliyofutwa, kwa mwandiko wangu, halafu namkabidhi mshitaki. Na mkuu angalia mstari wa 15 unaofuata, hapo ndo kuna enzi na mamlaka kuvuliwa nguvu. Hati kwanza, ushindi baadaye. Hawa wenye madaftari wanakugeuzia, eti pigana ushinde ndo hati ifutwe.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: ukianguka, rudi dakika hiyo hiyo. Usijipe siku tatu za kujiadhibu kwanza. Taja hilo moja kwa Mungu, 1 Yohana 1:9 inatosha, ile ya kwamba tukiungama yeye hutusamehe, nyanyuka, ukiombwa kuomba omba, ukialikwa mezani nenda. Jambo langu lile halikuondoka kwa siku moja, ila zamani nikianguka asubuhi nilikuwa nasema siku imeshaharibika basi naanguka na mchana na usiku, sasa lile pengo la kujificha halipo na ndipo lilipokuwa linanenepa.

Najua kuna mtu hapo chini atasema unawapa watu ruhusa ya kutenda dhambi. Paulo aliulizwa hivyo hivyo, Warumi 6, kamalizane naye.

Halafu kuhusu "sijisikii kuokoka". John Wesley, yule mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, moyo wake ulipata joto la ajabu, akahisi kweli kasamehewa, pale mtaa wa Aldersgate, London, tarehe 24 Mei 1738, kila mtu anaipenda hiyo stori. Wachache wanaendelea mpaka Januari 1739, shajara yake mwenyewe, anaandika kwamba yeye bado sio Mkristo! Huyo ni Wesley, miezi saba tu baadaye. Sasa wewe na mimi tukae tunapima joto la moyo kama wagonjwa wa homa? Petro aliambiwa na Yesu kabla hata hajamkana, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike". Kabla. Uhakika wake ulikuwa kwenye maombi ya mwingine, yake mwenyewe yalikuwa usingizini kule bustanini.

Marafiki wa zamani sijui nikwambie nini, wengine ni watu wazuri tu. Kusoma anza na hiyo hiyo Wakolosai, sura nne, jioni moja unamaliza. Na la kanisa... uhame au ubaki, ukianguka rudi dakika hiyo hiyo, nimeshasema.

Daftari kama umeshanunua lipe kazi nyingine. Langu la tatu nililiacha kwenye ukurasa wa pili, mtoto wangu anachorea magari.