Mwanangu, ni tortelloni, si tortellini

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Umeuliza utakula nini huko Bologna, maana kwa miezi miwili unajishindilia wali na jodari wa kopo kwa kuogopa nguruwe na mvinyo, na vitamu vya dirishani unavitazama tu ukapita. Usijinyime namna hiyo. Waitaliano wana vyakula vingi visivyo na nyama hata chembe. Kazi yako ni kujua mafuta ya nguruwe na pombe hujificha wapi.

Anza na lebo. Sheria ya Ulaya inataka vitu 14 vinavyodhuru baadhi ya watu, kama maziwa, mayai, njugu na ngano, viandikwe kwa herufi zilizokolezwa. Nguruwe hamo katika hivyo 14, wala pombe haimo. Basi usiishie kwenye herufi nzito, soma mstari wote. Strutto ni mafuta ya nguruwe, suino ni nguruwe mwenyewe. Pancetta, guanciale, speck, lardo, prosciutto na mortadella ni yeye yule kwa majina mengine. Upande wa pombe tafuta alcol, vino, Marsala, rum na liquore.

Hapo Bologna herufi moja inageuza kila kitu. Tortellini, vile vifuko vidogo vya tambi vya kwenye supu, hujazwa nyama ya nguruwe, prosciutto na mortadella, pamoja na jibini, yai na kungumanga. Tortelloni ni vikubwa zaidi, na kwa kawaida ndani yake ni jibini laini ya ricotta. Agiza tortelloni burro e salvia, yaani kwa siagi na majani ya salvia. Ukiona di magro kwenye menyu, chakula hicho hakina nyama. Neno hilo linatokana na siku ambazo Wakatoliki hujizuia nyama, nasi linatufaa sana. Lakini ragù, ule mchuzi wa nyama wenye sifa ya mji wako, usikubali hata ukiambiwa ni wa ng'ombe. Maelezo yake yaliyosajiliwa kwenye chemba ya biashara ya Bologna mwaka 1982 yana pancetta na mvinyo ndani. Lasagne za huko nazo hupakwa mchuzi huohuo.

Strutto hukaa zaidi kwenye unga: mikate fulani, focaccia (mkate bapa), grissini (vijiti vya mkate mkavu), na zile crescentine za kukaangwa. Piadina, inayofanana na chapati yetu, hukandwa kwa strutto au kwa mafuta ya zeituni, kwa hiyo uliza kama ni all'olio kabla ya kulipa. Pizza ya Kinapoli ni unga, maji, chumvi na hamira tu. Chukua Margherita au marinara. Ile ya vipande inayouzwa kwenye duka la mikate, uliza kwanza. Kwenye tambi, arrabbiata ni nyanya, kitunguu saumu na pilipili, na Norma ni ya biringani. Carbonara na amatriciana ziache, zote zina guanciale.

Kuhusu jibini, Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kigandisho cha tumbo la ndama, na masheikh wamehitilafiana juu ya kigandisho cha mnyama asiyechinjwa kisheria. Muulize imamu wa msikiti unaosali, ufuate atakalokwambia. Mwenye shaka anunue jibini iliyoandikwa caglio vegetale, yaani kigandisho cha mimea.

Sasa vitamu, maana najua ndivyo ulivyovilenga. Mtego mkubwa unaitwa colla di pesce. Jina linasema gundi ya samaki, na wengi wetu tumelikubali kwa jina hilo, kumbe siku hizi karibu kila mara ni jelatini ya nguruwe. Imo kwenye panna cotta, ile malai ya kugandishwa, na keki nyingi za malai zinazosimama bila kuyeyuka. Babà, keki ndogo, imelowa rum. Zuppa inglese, keki ya tabaka zenye krimu, ina kileo chekundu kiitwacho Alchermes. Gamba la kukaangwa la cannoli hukandwa kwa strutto na Marsala, hata kama ricotta ya ndani haina neno, na sfogliatella ya asili, kitafunio cha tabaka nyembamba za unga, ina strutto pia. Usichanganye amaretti na amaretto: ya kwanza ni biskuti za lozi, sukari na ute wa yai, ya pili ni pombe. Torrone, ya asali, ute wa yai na lozi, itakukumbusha kashata.

Gelato, aiskrimu yao, kula kwa furaha, ila chagua duka. Pistachio ya kweli ina rangi ya kijani kilichofifia, karibu na kahawia. Ikiwaka kama rangi ya ukutani, ni rangi tu. Ndizi iwe nyeupe yenye ukijivu. Vilima virefu vinavyofurika juu ya trei husimama kwa hewa na viongezo vya kuigandisha. Ladha za kuepuka ni malaga, ya zabibu kavu zilizolowekwa rum, na zabaione, yenye Marsala.

Tiramisù, kile kitamu cha biskuti, kahawa na malai, itengeneze mwenyewe, kwani mahotelini wengi huitia pombe ingawa mapishi maarufu ya mji wa Treviso hayana. Kwa watu wanne: jibini laini ya mascarpone gramu 250, mayai mawili mapya kabisa, sukari gramu 50, biskuti za savoiardi gramu 150, kahawa nzito mililita 150, na unga wa kakao. Mascarpone hugandishwa kwa asidi, si kwa kigandisho cha tumbo, kwa hiyo haina shaka ile. Piga viini na sukari mpaka viwe vyeupe na vizito, kisha changanya mascarpone taratibu kwa mwiko. Ukiipiga kwa nguvu itakatika na kutoa maji. Ute upige peke yake mpaka usimame, uukunje ndani bila kuuponda. Kahawa iwe imepoa, kwa sababu ya moto huzilainisha biskuti papo hapo. Kila biskuti iguse kahawa sekunde moja upande huu na moja upande ule, basi. Wengi huharibu hapo, na chini ya bakuli hubaki dimbwi. Panga safu ya biskuti, safu ya malai, rudia, kisha iache kwenye friji saa nne au zaidi. Kakao nyunyiza wakati wa kula, la sivyo italowa na kuwa nyeusi. Na kwa kuwa mayai ni mabichi, imalizeni kabla siku mbili hazijapita.

Wasalaam,
Mamako