Anwani inabadilika, ukurasa umeganda

Mdogo wangu, kama ruta (msimbo unaochagua ukurasa wa kuonyesha kulingana na anwani) ya tovuti ya duka lako la zabibu hapo Dodoma inabadilisha anwani lakini ukurasa umeganda, sababu ni kwamba history.pushState, amri ya JavaScript inayobadilisha anwani bila kupakia ukurasa upya, haiamshi tukio la popstate. Tukio hilo huja mtu anapobonyeza kurudi nyuma au kwenda mbele. Basi andika fanksheni moja inayoita pushState kisha ichore ukurasa papo hapo, na popstate itumie uchoraji huohuo. Kwenye orodha ya njia za ruta, /zabibu/mpya itangulie /zabibu/:id (:id ni nafasi ya namba ya bidhaa), la sivyo “mpya” itasomwa kama namba ya bidhaa. Mteja akibonyeza kiungo huku ameshika Ctrl, tafadhali mwachie kivinjari kazi yake ya kufungua kichupo kipya. Seva nayo irudishe index.html, faili kuu la tovuti, kwa njia zote zisizo za mafaili, la sivyo mteja akirifreshi atakutana na kosa la 404, yaani ukurasa haujapatikana.