Mradi uanze na swali la mtoto

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako wa Gredi ya 5 wanaomaliza kazi mapema huchagua mradi, kisha wananakili tu kutoka intaneti. Tatizo ni mada pana. "Wanyama" si mradi. Mtafutie mtoto swali analoweza kulijibu kwa macho yake. Msichana mmoja darasani kwangu, huku Kayole, Nairobi, alihesabu matatu zilizopita langoni kila asubuhi, akichora vijistari kwenye daftari la hesabu. Wiki ya pili akagundua mwenyewe kwamba mvua ikinyesha zinapungua, akataka kujua kwa nini. Hapo ndipo mradi ulipoanza! Kila Ijumaa mpe kila mmoja dakika tano akueleze alichokiona. Bango la rangi la kuonyesha mradi lisubiri. Ukiweza, wapeleke Makumbusho ya Taifa, ila kila mtoto aingie na swali lake limeandikwa.